Gari la mzee wa Casuarina: toeni hiyo betri kwanza

Mwezi huu barua za gari zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja. Nadhani ni kwa sababu mlinzi mmoja wa Malindi aliweka swali lake wazi kijiweni, na watu wa Malindi mnawajua, likishasikika Maweni mpaka Watamu limefika. Basi naanza na yeye, wengine mnivumilie.

SWALI: Shikamoo ami fundi. Mimi ni mlinzi na mtunza nyumba huku Casuarina, nimekaa hiyo nyumba miaka kumi na saba. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kitaliano, alifariki kwao mwaka juzi Mungu amrehemu. Huku nyuma kuna gereji ya makuti na ndani kuna gari yake, ni Ferrari maana ina yule farasi, nyekundu, iko chini mpaka ukiingia ni kama unaenda kulala. Mbavuni ina mistari mistari kama madirisha ya luva, saitimira ni moja tu upande wa kushoto na imepandishwa juu nusu ya nguzo ya kioo cha mbele, rimu zina nati moja kubwa katikati. Usukani kushoto. Kilomita ni 4,180. Mzee aliendesha kidogo akachoka na barabara, akaifunika turubai la plastiki na haijatoka tena, mimi hata sijawahi kuisikia ikilia. Sasa binti yake anakuja mwezi wa nane na amenipigia simu ati niitayarishe gari. Nimepata ushauri mwingi. Kijana wa kuosha magari anasema aipige sabuni na mashine ya presha. Kuna fundi wa rangi anasema kwa elfu tisini anaipiga rangi yote upya ing'ae. Jirani anasema la kwanza iwake, na jana tulifunga betri ya Probox tukapiga stata mara mbili ikasema ng'rrr tukaogopa tukaacha. Alafu kuna bwana ametoka Mombasa yuko tayari kunipa milioni moja na nusu taslimu aibebe na lori kesho kutwa. Nifuate nani?
Mlinzi wa Casuarina

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye betri ya Probox nikaiweka chini nikatoka nje kupunga upepo kwanza. Usimfuate hata mmoja kati ya hao wanne. Nenda sasa hivi ukatoe hiyo betri, waya wa negativu kwanza, alafu funga mlango wa gereji urudi usome yaliyobaki.

Kwanza ujue unalinda nini. Umelieleza vizuri kuliko watu wengi wenye kamera, maana mistari ya mbavuni peke yake inaniambia ni Testarossa, na ile mistari si pambo, radieta za gari hilo ziko ubavuni nyuma ya milango wala si mbele, kwa hiyo hewa lazima iingie pale. Lilionyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1984, umbo ni la Pininfarina, wale wachora magari wa Italia, na injini yake ni ya lita 4.9, silinda kumi na mbili zimelala sita huku sita huku, nguvu za farasi 390, linakwenda mpaka kama kilomita 290 kwa saa, sijui kwa barabara gani lakini si ya kwenda Marafa. Sasa ile saitimira moja iliyopanda juu na nati moja katikati ya rimu ndizo zilizonifanya nikae kitako. Hayo ni mambo ya zile za mwanzo mwanzo. Baadaye waliweka saitimira mbili na kuzishusha chini, na kuanzia 1988 rimu zikawa za nati tano. Wataliano wenyewe hizo za kioo kimoja wanaziita monospecchio na wanaokusanya magari wanazitafuta. Kwa jumla zilitengenezwa Testarossa zaidi ya 7,000 mpaka 1991, kwa hiyo si gari adimu kama dhahabu ya Ofiri, lakini yenye kilomita 4,180, na kama kila kitu ni kile kile ilichotoka nacho kiwandani, hiyo ni habari nyingine.

Na hapo kwa "kile kile" ndipo kila mtu aliyekushauri anataka kukuharibia. Gari la kuendea kazini bei yake inatokana na jinsi linavyokwenda, hilo lako bei yake inatokana na vitu ambavyo havijaguswa. Rangi ya kiwandani, bolti zenye alama za rangi ambazo mfanyakazi wa kule alizitia kwa brashi alipomaliza kukaza, ngozi ya viti, tuli (vifaa vya kufungulia) za kwenye mfuko, vitabu kwenye pochi yake, hata tairi. Ukipiga rangi ya elfu tisini au ya milioni tatu, ikawa nzuri kuliko ya kwanza, bado umeiondoa ya kwanza na hakuna duka la speari linalouza rangi ya mwaka ule iliyopigwa na watu wale.

Hili nalijua kwa machungu yangu si kwa kusoma. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi gereji moja ya Mombasa niliachiwa Alfa Romeo ya zamani nibadilishe plagi na oili, basi. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, ananipa chai, nikasema nimfurahishe. Nikaosha injini kwa dizeli, nikasugua kwa brashi ya waya, nikanunua makopo mawili ya rangi ya fedha nikapuliza kila kitu mle ndani mpaka bomba za maji, boneti ukiifungua inawaka kama sahani ya harusi. Mwenyewe alipokuja akaangalia kimya, muda mrefu, akaingiza kidole pale palipokuwa na stika ndogo ya kiwandani ambayo mimi niliifunika, akaniuliza tu "na hapa palikuwa na nini?" Hakunigombeza. Alilipa plagi na oili na sikumuona tena. Mpaka leo nikiona kopo la rangi ya fedha dukani nageuza uso.

Sasa kwa nini msilipige stata. Hiyo injini kamshafti zake, zile shafti za vichwani zinazofungua valvu, zinazungushwa na mikanda ya mpira ya taimingi, na mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Wanaozijua hizo gari huibadilisha mikanda kila miaka mitano hivi hata kama gari halijasogea hatua. Ya kwako ina miaka mingapi? Ikikatika au ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na hapo si mambo ya gasketi tena, umevunja injini. Na kuibadilisha si kazi ya jioni moja chini ya mwembe, kwenye Testarossa injini yote inatolewa nje na fremu yake ndipo mikanda ifikiwe. Ndo maana nasema mlipopiga stata mara mbili na ikasema ng'rrr, ile kukataa kwake ndiyo iliyowaokoa.

Alafu mafuta. Petroli iliyokaa miaka hivyo imeshageuka, inakuwa kama varnishi, inanuka kama viatu vilivyoloa. Injini hiyo inalishwa na mfumo wa Bosch wenye njia nyembamba sana za kugawa mafuta, ukiwasha pampu unayasukuma yale matope mle ndani na kila kitu kinaziba. Na angalia hili, Kenya tuliacha petroli yenye madini ya risasi mwaka 2006, kama gari lililala kabla ya hapo basi iliyo kwenye tangi huenda ni ile ya risasi, kwa hiyo asije kijana na mpira akainyonya kwa mdomo kama tunavyofanya kwenye pikipiki. Ni sumu hiyo.

Breki nazo, oili ya breki inanyonya unyevu wa hewani na hewa ya Malindi mnaijua, nguo inaanikwa asubuhi mpaka jioni kola bado mbichi wakati wa masika. Maji yakiingia mle pistoni za breki zinashika kutu na kung'ang'ana. Klachi nayo huenda imegandia. Kwa hiyo hata kulisukuma msilisukume kwa nguvu, mtu akiling'ang'aniza likiwa limeshika breki mnavunja kitu ambacho kilikuwa kizima.

Atakayelifufua awe mtu aliyewahi kutoa injini ya namna hiyo kwa mkono wake, na mimi si huyo, nasema ukweli wa Mungu. Yeye atatoa plagi, atatia oili kidogo kwenye silinda, ataingiza kakamera kadogo aone ndani, mikanda itabadilishwa kabla injini haijazungushwa kwa stata, tangi litashushwa, mipira yote ya mafuta itabadilishwa. Lakini sikiliza jambo hili na umwambie binti wa mzee aliandike, kila kinachotolewa kisitupwe. Mkanda uliochakaa, plagi, mipira, chujio, tairi, vyote vitiwe kwenye mfuko na karatasi inayosema kilitoka wapi siku gani. Kwa mafundi wetu hizo ni taka, kwa mnunuzi hizo ni ushahidi.

Nawe kazi yako mpaka mwezi wa nane ni ndogo lakini ndiyo kubwa. Lile turubai la plastiki ndilo adui namba moja, linafungia mvuke chini yake usiku ukipoa na ile chumvi ya baharini inakaa pale pale kwenye chuma. Litoeni, watu wawili, mnalinyanyua juu kama mnavyonyanyua mkeka wenye watoto waliolala, msiliburute, mchanga ulio juu utakwaruza rangi. Kabla ya kulitoa piga picha, na baada ya kulitoa piga picha, vumbi na yote. Usipanguse. Usiteme mate kwenye leso ukafuta farasi, najua utatamani. Vumbi hilo likiwa kwenye picha linasaidia kuthibitisha kwamba gari halikuguswa. Baadaye mwenye kujua atalitoa taratibu kwa maji laini na kitambaa, si presha, presha inaingiza maji kwenye nyaya na kwenye vile vitundu vya mbavuni.

Na makuti. Makuti ni mazuri kwa watalii, kwa gari ni hoteli ya panya. Chungulia chini kwa tochi uone kama kuna kiota, nyaya za zamani panya wanazipenda, na usiweke sumu ndani ya gari maana atafia mle kwenye viti na harufu hiyo haitoki. Weka mitego nje kuzunguka. Kama ndani ya nyumba kuna chumba cha mawe chenye sakafu kavu na mlango mpana, binti akifika mwambie afikirie kulihamishia huko na kuweka mashine ya kukausha hewa, lakini mpime kwanza, gari hilo upana ni karibu mita mbili kamili.

Sasa bwana wa milioni moja na nusu. Mwanangu, kwanza gari si lako. Nakuamini hukutaka kuliuza, umeuliza tu, ila nitaje sheria ili naye asikie. Mali ya marehemu mtu yeyote asiyepewa idhini na mahakama haruhusiwi kuiuza wala kuichukua, kifungu cha 45 cha sheria ya urithi kinasema hivyo na adhabu yake ni faini mpaka shilingi 10,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote viwili. Hata binti mwenyewe lazima apate hizo karatasi za usimamizi wa mirathi kabla ya kuuza kitu kilichoko Kenya. Pili, mtu anayekuja na pesa taslimu na lori siku hiyo hiyo kabla hata hajafungua mlango anajua kitu ambacho wewe hujui. Tatu kuna suala la karatasi za gari lenyewe. Usukani kushoto, je lilisajiliwa Kenya lina logibuku, au liliingia kwa kibali cha muda kama mgeni na halikutoka tena? Kama ni la pili basi KRA wana swali lao la ushuru na bora wakaulizwe mapema kuliko waje wenyewe. Siku hizi hata gari la kawaida la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo lolote lililopo na karatasi safi lina uzito wake.

Mwambie binti atafute huko kwao libretto ya gari, ni ile karatasi ya usajili ya Italia, na aombe historia kutoka PRA, yaani rejista ya magari ya umma ambayo inashikwa na ACI, chama cha magari cha Italia, itamwonyesha gari limepita mikono ya nani. Namba ya chesisi ianze na ZFF, hiyo ndiyo ya Ferrari. Ferrari wenyewe kule Maranello wana idara inaitwa Classiche, inakagua gari na kutoa cheti kwamba injini na giaboksi na bodi ni zile zile za tangu kuzaliwa. Cheti hicho na picha zako za vumbi na mfuko wa taka, ukiniuliza mimi, ndivyo vitakavyomlinda huyo binti.

Na nitumie picha ya ubavu wa tairi, ile namba ndogo mwisho wa maandishi ya DOT. Tairi za kabla ya mwaka 2000 zilikuwa na tarakimu tatu, mbili za wiki na moja ya mwaka. Nataka kuona kitu.

SWALI: Ami, huyo mlinzi anasema kilomita 4,180. Mimi nimenunua gari tatu Mombasa na zote zilikuwa zimerudishwa nyuma. Utajuaje hizo ni za kweli?
Kahindi mdogo, Barani

JIBU: Umeuliza kama mtu aliyeungua. Kwa dashibodi hutajua. Angalia mahali ambapo mwili wa mtu unagusa. Mpira wa pedali ya klachi ukiwa umelika na mita inasema elfu nne, mtu anakudanganya. Ukingo wa kiti cha dereva upande anaoingilia, kwenye gari la chini hivyo kila kushuka makalio yanapita pale pale, ngozi lazima ioneshe. Ngozi ya usukani pale mikono inaposhika, mikwaruzo ya funguo kuzunguka tundu la stata, pua ya gari kama ina vitundu vya mawe. Skrubu za dashibodi kama vichwa vyao vimechunwa na bisibisi. Tuli kwenye mfuko kama zina mafuta.

Alafu karatasi, risiti za sevisi zenye tarehe na kilomita zinazopanda polepole bila kuruka. Kwenye gari la aina hii kilomita chache bila karatasi ni hadithi tu, nzuri lakini hadithi. Kuna na kifaa cha kupima unene wa rangi, ya kiwandani mara nyingi inasoma mikroni mia na kitu, ukigusa mlango mmoja ukasoma mia tatu au mia tano ujue hapo palipigwa rangi tena, na ukisoma elfu hapo pana pati, ile ya kujazia mabonde, chini yake.

SWALI: Sisi wa Lamu hatuna shida hizo, punda wangu hana odometa. Lakini nauliza kwa dhati, mtu ananunua gari la kukimbia kilomita 290 alafu analifungia chumbani asiliendeshe, huyo ana akili timamu? Si bora anunue picha?
Mpenda punda, Langoni

JIBU: Hahaha. Yakhe, kabla ya kumcheka Mtaliano nenda kaangalie nyumba za Mkomani. Una jirani ana kasha la zamani la misumari ya shaba, lile la bibi yake, amewahi kulitia nguo? Halitii. Na akija mnunuzi akikuta kasha limesuguliwa msasa na kupigwa varnishi mpya linang'aa kama meza ya hoteli, bei inaanguka nusu na mnunuzi anaondoka akisikitika. Mlango wa nakshi uliopigwa rangi ya mafuta ya kijani ni hivyo hivyo. Mnalijua jambo hili zamani huko kwenu kuliko sisi wa gereji, na mji wenu wote uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haukusuguliwa.

Kwa magari wenye pesa walichelewa kulielewa. Zamani kila gari la kale lilipigwa rangi mara tatu likawa jipya kuliko jipya. Siku hizi wamegeuka. Kule Ufaransa kulikuwa na magari ya familia moja, kama sitini, yamekaa shambani miaka na miaka kwenye vibanda, mengine yameota miti. Mnada ulifanyika Paris Februari 2015, na humo mlikuwa na Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 ambayo walipoikuta ilikuwa imezikwa chini ya marundo ya magazeti ya zamani. Haikuoshwa wala kupanguswa ikatolewa na vumbi lake, ikauzwa zaidi ya yuro milioni 16. Milioni kumi na sita, na vumbi juu.

Ila kwa swali lako la akili, mimi niko upande wako na nitagombana na wenzangu. Mimi nimekua na Safari Rally. Mwaka 1988 Biasion, dereva wa Kitaliano, alikuja na Lancia Delta Integrale akashinda, akarudi 1989 akashinda tena, na gari la Kitaliano lililoko kichwani kwangu mpaka leo ni lile lenye matope mpaka kwenye paa, taa moja imevunjika, linapita vumbi linatuacha tunakohoa tunapiga makofi. Gari lililofungiwa linaniuma kidogo. Na si hisia tu, hata chuma chenyewe hakipendi, sili za mpira zinakauka, oili inateremka yote chini inaacha sehemu za juu kavu, kutu inaanza pale ambapo hakuna anayeona. Ningekuwa na uwezo, magari yaliyokwisha kupigwa rangi na kubadilishwa injini ningesema yaendeshwe mpaka yachoke, na haya machache yaliyobaki mazima kabisa ndiyo yatunzwe ili fundi wa kesho ajue bolti ile ilikaa vipi. Lakini hata hilo linalotunzwa lizungushwe, mara moja kwa mwezi, lipate moto mpaka oili ipashe, si kuliwasha dakika mbili na kulizima, hiyo dakika mbili ndiyo inayojaza maji kwenye eksozi.

Na punda wako, je, unamsafisha kwato?

SWALI: Kuna jamaa Watamu anauza Ferrari nyekundu kwa bei ya Vitz mpya, anasema mwenyewe anarudi Milano ana haraka. Nishike deposit?
Mpenda speed, Watamu

JIBU: Usishike wala usitoe. Ziko Ferrari nyingi duniani ambazo ndani ni Pontiac Fiero au Toyota MR2 iliyovalishwa bodi ya faiba, kazi nyingine ni safi mpaka unaweza kupiga nayo picha ya harusi. Fungua nyuma hesabu silinda, ukikuta injini ya silinda nne imekaa kwa upande na maandishi ya Toyota, umepata MR2, ni gari zuri tu, lipe bei ya MR2. Kama si ya kale ya kabla ya miaka ya 1980, namba ya chesisi isipoanza na ZFF ondoka. Na hizi habari za "mwenyewe anarudi Milano ana haraka", sisi tunaishi na Wataliano tangu siku za roketi za San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, umewahi kumuona hata mmoja ana haraka?

SWALI: Jina Testarossa maana yake nini? Mimi na kaka yangu tumewekeana soda.
Wa Shella (ya Malindi, si ya Lamu)

JIBU: Kichwa chekundu. Si nywele za msichana kama watu wa beach wanavyosema, ni vifuniko vya vichwa vya injini ambavyo vimepakwa rangi nyekundu, na jina walilichukua kwenye gari lao la mashindano la miaka ya 1950. Aliyesema msichana anunue soda.

Nyongeza kabla ya kwenda mitamboni. Mlinzi wa Casuarina amenitumia picha jana usiku, tisa, na betri ya Probox imesharudi kwa Probox. Turubai limetolewa, naona walilinyanyua kweli, vumbi liko juu sawasawa kama unga kwenye kinu. Picha ya tano ni ubavu wa tairi. Michelin TRX, ile ya size ya milimita ambayo walianza nayo, na mwisho wake 125. Wiki ya kumi na mbili, na mwaka unaoishia na tano, nami nasema ni 1985. Mwanangu hizo ndizo tairi gari lilizozaliwa nazo. Zisijazwe upepo gari liendeshwe juu yake hata mita kumi, mpira wa umri huo unapasuka bila salamu, na Michelin bado wanazitoa hizo size kwa magari ya kale, binti anaweza kuagiza mpya za kutembelea. Hizi za zamani zikivuliwa zifungwe kwenye shuka la pamba ziwekwe ndani ya nyumba pamoja na ule mfuko.

Kwenye picha ya saba, chini ya kiti cha abiria, naona mkia. Huyo si wa kiwandani, huyo mtoe.